Tiara Ikivuta, Taa Itawaka?

MWANDISHI: Swali ni moja. Mafundi wanaotaka kufua umeme kwa tiara hapa Gerezani na Kariakoo, bila digrii na bila mfadhili, waachwe wajaribu na wasaidiwe, au waambiwe mapema waache kupoteza muda wao na kuhatarisha shingo za wapita njia? Fundi, anza.

FUNDI: Kazi yangu ni kusuka mota. Mtu analeta mota ya pampu imeungua, natoa waya wa shaba uliokufa, nasuka mpya, mota inarudi kisimani. Sasa mtu anayeifufua mota atashindwaje kuelewa kwamba ukiizungusha kwa nguvu ya nje inakurudishia umeme? Na mtoto yeyote wa Ilala anajua tiara inavuta mkono. Mimi nimekutanisha vitu viwili hivyo. Kamba nimeizungusha kwenye rimu ya baiskeli, rimu nimeiunga na mota. Tiara ikipanda inafungua kamba, rimu inazunguka, betri inapokea chaji. Kamba ikiisha, naielekeza tiara isishike upepo mwingi, naivuta chini, naanza upya.

MHANDISI: Ngoja hapo, mwanangu. Mota ya pampu ukiizungusha tu haikupi kitu. Haina sumaku ya kudumu ndani. Lazima uiwekee kapasita, na uipeleke kwa kasi inayozidi ile iliyoandikwa kwenye kibao chake.

FUNDI: Najua, mama. Ndiyo maana kwenye tiara natumia mota ya mashine ya kukimbilia, zile zinazotupwa na gym. Ile ina sumaku yake. Hata ikizunguka chini ya kasi yake inatoa volti za kutosha betri ya pikipiki.

MHANDISI: Vizuri, basi tuzungumze kwa namba. Tiara yako inavuta kilo ngapi?

FUNDI: Nimeipima kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki. Nikiwa ufukweni na upepo wa kusi, mara nyingi inacheza kwenye kilo 20.

MHANDISI: Kilo 20 ni kama nyutoni 200. Kamba yako ni ya mita 50. Zidisha: kila mvuto mmoja ni juli 10,000. Uniti moja ya umeme, hii tunayonunua kwa LUKU, ni juli milioni 3.6. Bila hasara yoyote unahitaji mivuto 360 kupata uniti moja. Lakini hasara zipo. Kuna msuguano wa rimu, kuna joto la mota, kuna chaja, kuna nguvu unayotumia kuirudisha tiara chini. Ukibakiza theluthi moja umefanya kazi nzuri sana, na hapo ni mivuto zaidi ya elfu moja. Kila mvuto, kwenda na kurudi, tuupe sekunde 40. Hizo ni saa 11 na zaidi za kusimama juani bila kula. Uniti hiyo mtumiaji wa kawaida wa TANESCO anainunua kwa shilingi 356 hivi, kodi ikiwa ndani. Mwenye matumizi madogo majumbani, chini ya uniti 75 kwa mwezi, anailipia shilingi 122. Unafanya kibarua cha kutwa kwa hela isiyotosha chapati mbili.

MUUZA SOLA: Mama amenimalizia kazi. Mimi nauza sola Kariakoo. Mteja wangu ni mama wa Mbagala mwenye friji ya soda, au kijana anayefungua saluni Chanika. Akija dukani hanipi hotuba ya upepo. Ananiuliza maswali mawili: itawasha nini, na ikiharibika nani anarekebisha. Paneli naiweka juu ya bati, naifunga bolti nne, haina kinachozunguka, haina kamba, haina mtu wa kuisimamia. Fundi, tiara yako mteja ataiacha na nani akienda msibani?

FUNDI: Hesabu ya mama siipingi, ni sahihi kwa tiara iliyotulia sehemu moja. Lakini tiara haitakiwi itulie. Ukiifundisha kuchora nane angani, kulia kushoto, kulia kushoto, inakata upepo kwa kasi inayozidi kasi ya upepo wenyewe. Na mvuto haukui kidogo kidogo. Kasi inayopita juu ya kitambaa ikiwa mara tatu, mvuto unakuwa mara tisa. Hili halikutoka kichwani mwangu. Miles Loyd, mhandisi wa maabara ya Livermore kule California, alilichapisha mwaka 1980. Alichukua bawa la ukubwa wa lile la ndege ya mizigo ya C-5A, mita za mraba 576, akalipa upepo wa mita 10 kwa sekunde, hesabu ikamletea megawati 6.7. Bawa moja na kamba moja, bila nguzo.

MHANDISI: Kwenye karatasi.

FUNDI: Kila kitu kimeanzia kwenye karatasi, mama, hata bwawa la Rufiji.

MHANDISI: Bwawa la Rufiji lilitoka kwenye karatasi likawa mashine 9 za megawati 235 kila moja. Jumla 2,115. Leo zinazunguka. Hesabu ya Loyd ina zaidi ya miaka 40, na walioishika hawakuwa watu wa rimu za baiskeli. Kampuni ya Makani ilianza California mwaka 2006, Google wakaweka fedha, mwaka 2013 wakainunua kabisa. Walitengeneza bawa la mita 26 lenye mashine ndogo za kufulia umeme juu yake, kilowati 600. Mwaka 2019 wakalirusha baharini Norway wakishirikiana na Shell. Februari 2020 wakafunga. Ampyx Power ya Uholanzi ikafilisika mwaka 2022. Watu wenye maabara, marubani na kompyuta za kuongoza bawa sekunde kwa sekunde hawakufika sokoni, na wewe unataka kijana wa Gerezani aweke akiba yake humo. Nikikunyamazia nitakuwa sikupendi.

FUNDI: Na Morisi je? Desemba 2021 SkySails, Wajerumani, walitangaza mtambo wa tiara Morisi, kamba inapanda hadi mita 400, umeme unaingia gridi ya kisiwa. Morisi si Ulaya. Ni bahari yetu hii, na upepo wao wa kusini-mashariki ni ndugu wa kusi yetu. Unanitajia waliokufa tu.

MHANDISI: Nakubali Morisi ipo. Lakini hao SkySails walianza kwa kuvuta meli. Mwaka 2008 waliifunga meli ya mizigo ya Beluga tiara ya mita za mraba 160, ikavuka Atlantiki kutoka Ujerumani kwenda Venezuela ikisaidiwa na upepo. Wamekuwa kwenye kazi hiyo muda mrefu, na nyuma yao kuna mtaji. Fundi wa hapa akikosea mara tatu, mke wake anauza cherehani.

MUUZA SOLA: Hapo ndipo mnaponichanganya. Mnagombea umeme ambao sasa upo. Wakati wa mgao ningewasikiliza. Tunakumbuka mwaka 2023, jenereta zimejaa barazani kuanzia Msimbazi mpaka Aggrey, moshi na kelele, huwezi hata kupatana bei na mteja. Leo Rufiji inatoa, shida iliyobaki ni waya mbovu na transfoma iliyozidiwa. Tiara haitengenezi transfoma.

FUNDI: Kaka, na wewe ungesubiri mpaka lini kuuza sola? Paneli ilipoanza kuingia Kariakoo watu walisema ni kifaa cha misheni na hospitali. Ilikuwa ghali, inveta zinakufa mwezi wa pili. Waliokuwa wanazifungua na kuzitia solda walikuwa akina nani? Walikuwa mafundi wa uchochoroni. Wewe leo una duka kwa sababu kuna mtu alikubali kuungua vidole.

MUUZA SOLA: Aliungua vidole kwa kitu ambacho tayari kilikuwa kinafanya kazi mahali pengine. Alikuwa anarekebisha, hakuwa anabuni. Ni mambo mawili tofauti, ndugu yangu, na sisemi kwa dharau.

FUNDI: Unasema kwa dharau bila kujua. Fundi wa hapa akirekebisha ni hodari, akibuni ni mwehu. William Kamkwamba wa Malawi alikuwa ameacha shule kwa kukosa ada, njaa ya 2002 imewapiga, akaokota baiskeli mbovu, feni ya trekta na mabomba, akajenga kinu cha upepo kijijini kwao. Majirani walisema mvulana anavuta bangi. Mwaka 2007 alisimamishwa jukwaani Arusha, hapahapa Tanzania, dunia ikampigia makofi. Na kwetu kuna John Fute, Mzee Pwagu wa Njombe, aliyefua umeme wa maji kwa mikono yake. Kabla ya makofi, wote hao walikuwa wanapoteza muda.

MHANDISI: Kamkwamba namheshimu kuliko unavyodhani, na ndiyo maana nataka mfano wake usemwe sawasawa. Yeye aliona picha ya kinu cha upepo kwenye kitabu cha maktaba. Kinu kilikuwa kimeshafanya kazi duniani kwa karne nyingi. Swali lake lilikuwa: nitakijengaje kwa takataka nilizonazo? Mzee Pwagu vilevile. Maji yanayoshuka mlimani yanazungusha mashine, hilo halina ubishi. Swali lako wewe ni gumu zaidi. Unauliza kama kitu chenyewe kinawezekana kwa saizi hiyo na kwa gharama hiyo. Wewe unafanya utafiti, fundi, na utafiti una masharti.

FUNDI: Masharti gani?

MHANDISI: La kwanza, daftari. Umenitajia kilo 20. Upepo ulikuwa na kasi gani siku hiyo?

FUNDI: Ulikuwa wa kutosha.

MHANDISI: Wa kutosha si namba. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu iliyomo inaongezeka mara nane. Kwa upepo wa mita 3 kwa sekunde, kila mita ya mraba ya hewa inabeba wati 16 tu. Kwa mita 6, wati 130 hivi. Bila kujua kasi, kilo zako 20 zinaweza kuwa ushindi au zinaweza kuwa aibu, na si wewe wala mimi anayeweza kusema.

FUNDI: Kipima upepo kinauzwa bei gani, mama?

MHANDISI: Kinajengwa. Vikombe vitatu vya plastiki, ekseli ya feni mbovu, sumaku moja na kihesabu mizunguko. Wewe unayesuka mota utakimaliza kwa siku moja.

MWONGOZA NDEGE: Naomba niingie, maana nimeongoza ndege uwanja wa Nyerere mpaka nikastaafu, na mnazungumza kana kwamba juu ya Kariakoo kuna hewa tu. Njia kuu ya kurukia ya uwanja wetu ni 05/23. Ukichora mstari kutoka mwisho wake kuelekea kaskazini-mashariki, mstari huo unakuja hukuhuku mjini. Ndege inayotua kwa njia ya 23 inapita juu ya paa zenu. Kutoka hapa hadi uwanjani ni kama kilomita 10, na kwa mteremko wa kawaida wa nyuzi 3, ndege hiyo iko kama nusu kilomita juu ya kichwa chako. Fundi anataka kamba ya mita 50 leo. Mwakani atataka 200, kwa sababu upepo mzuri uko juu. Wale wa Morisi wako 400. Huo mchezo hauchezwi chini ya njia ya ndege.

FUNDI: Mzee, watoto wa Kigogo na Magomeni wanarusha tiara kila siku na hakuna ndege iliyoanguka.

MWONGOZA NDEGE: Tiara ya mtoto ni chelewa mbili, uzi wa cherehani na karatasi ya gazeti, tangu mifuko ya rambo ipigwe marufuku Juni 2019. Ikikatika inaangukia mtaro. Yako ina mita za mraba ngapi?

FUNDI: Ninayoitaka ni ya mita 10. Wanaocheza tiara za baharini kule Paje wanauza zilizochakaa.

MWONGOZA NDEGE: Mita 10 inambeba mtu. Ndiyo kazi yake kule Paje, kumtoa mtu mzima kwenye maji. Sasa ikate kamba juu ya Msimbazi, saa 11 jioni. Kuna wamachinga wamepanga nguo mpaka barabarani, kuna mwendokasi inapita, kuna waya za TANESCO zimepishana kona zote. Kamba mbichi ya mvua ikigusa waya mkubwa, wewe uliyeshika upande wa pili huulizwi tena mambo ya daftari. Na kamba inayokwenda kasi inakata. India walifikia kupiga marufuku nyuzi za tiara zilizopakwa unga wa vioo nchi nzima, mwaka 2017, kwa sababu zilikuwa zinachinja waendesha pikipiki. Sisi tuna bodaboda wangapi?

FUNDI: Hilo nina jibu lake. Kuna kipande dhaifu cha kamba karibu na tiara, kikizidiwa kinakatika chenyewe. Na kuna kamba ya pili, imefungwa upande mmoja tu wa tiara. Ile kubwa ikikatika, ya pili inaikunja tiara, inapoteza upepo, inaanguka kama shuka.

MWONGOZA NDEGE: Umeijaribu?

FUNDI: Kwa tiara ndogo.

MWONGOZA NDEGE: Sawa. Kwa kubwa utaijaribia juu ya nani?

MHANDISI: Nami hapo nasimama na mzee. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka hapa Kariakoo, kona ya Mchikichi na Kongo. Watu zaidi ya 20 walikufa. Watu walikaa chini ya kifusi wakiwapigia ndugu zao simu. Tangu siku ile sina subira na mtu anayeniambia kanuni ni za kukwamisha wanyonge. Mnyonge ndiye aliyekuwa chini.

FUNDI: Mama, mimi nilikuwa pale nimebeba ndoo za kifusi. Sihitaji kufundishwa uchungu wake. Lakini angalieni mnachofanya. Kila linapotokea la kutisha, anayezuiwa ni yule asiye na ofisi. Nimepeleka barua kwenye ofisi moja ya umma kuomba eneo la kujaribia, niwe na uzio, niwe mbali na watu. Nikaambiwa nilete cheti. Cheti cha nini? Hakuna chuo kinachotoa cheti cha umeme wa tiara. Nikaambiwa nirudi na barua ya mhandisi. Mhandisi akaniambia hawezi kuandika barua ya kitu ambacho hakijajaribiwa. Nitajaribia wapi sasa kama siyo paa la nyumba?

MWONGOZA NDEGE: Kwa hiyo umewahi kujaribia paani.

FUNDI: Sikusema hivyo, mzee. Nasema mnanisukuma huko.

MWANDISHI: Hapa lazima niseme langu. Mduara huo, cheti, barua, jaribio, cheti, ndio unaoniumiza zaidi ya suala la tiara. Tuna mashindano ya kitaifa ya ubunifu, MAKISATU, tangu 2019, na yana mlango wa wabunifu wasiopitia vyuo. Tuna DIT kwa miguu kutoka hapa, tuna VETA Chang'ombe, tuna SIDO tangu 1973. Na bado mtu anayetaka kufeli kwa usalama, mbele ya mashahidi, hana mahali.

MUUZA SOLA: Kufeli kuna gharama, na swali ni nani anailipa. Mimi nikileta kontena la betri mbovu nalipa mwenyewe. Hakuna anayenipa uwanja wenye uzio.

MHANDISI: Ndugu yangu, wewe unauza matunda ya uwanja wenye uzio. Sola iliyo dukani kwako ilizaliwa maabara za Bell mwaka 1954, ikalipiwa na miradi ya satelaiti miaka mingi kabla haijamwashia mtu taa Chanika. Kuna mtu alilipa ili wewe uje upange bei.

MUUZA SOLA: Tumebadilishana upande au vipi? Wewe ndiye uliyesema mivuto elfu moja kwa shilingi 356.

MHANDISI: Naisimamia. Kwa soko, tiara yake haifai leo na sioni ikifaa kesho. Lakini hoja ya bei haitoshi kumnyima kujaribu. Ningetumia bei kuwanyima wote, hata Loyd angebaki na karatasi yake. Ninachomkatalia ni kujaribu bila kipimo na juu ya vichwa vya watu. Hilo siachii.

FUNDI: Basi nisikilizeni kuhusu Makani, maana mama aliwataja kama kaburi. Walipofunga, hawakuondoka na siri. Mwaka huohuo wa 2020 walitoa ripoti nzima, jinsi bawa lilivyoongozwa, lilipoanguka, kwa nini lilianguka, na video zake, bure. Wakaahidi kutomshtaki mtu atakayetumia hataza zao. Kijana wangu wa karakana amekaa na simu usiku kucha akizitazama. Bila digrii! Kuna kampuni ndogo ya Scotland, Windswept and Interesting, wao wamefunga tiara ndogo nyingi kwenye pete inayozunguka angani, kamba zenyewe zinashusha mzunguko mpaka kwenye mota iliyo chini. Hakuna kufungua kamba wala kuirudisha. Hiyo inanifaa mimi zaidi, kwa sababu hasara ya kurudisha tiara, ile aliyoikata mama kwenye hesabu, inaondoka.

MHANDISI: Hiyo ni hoja. Hiyo ni hoja nzuri, kwa kweli. Lakini umeiona kwa sababu wao waliandika walipoanguka. Gerezani nani anaandika? Nyie fundi akigundua kitu anamficha hata anayekaa naye benchi moja. Akifa, kimekufa.

FUNDI: Tunaficha kwa sababu ukionyesha leo, kesho mwenye mtaji ameagiza kontena la kitu hichohicho kutoka Guangzhou.

MUUZA SOLA: Usiniangalie mimi.

FUNDI: Sikuangalii wewe peke yako, kaka.

MWONGOZA NDEGE: Mimi nina la kuongeza, na huenda litamfurahisha fundi kabla ya kumkasirisha. Muuza sola alisema paneli haihitaji mtu. Kweli, lakini jua likizama inalala. Upepo wa pwani usiku hulegea huku chini, watu wakadhani umekufa. Sisi tulikuwa tunapokea taarifa za upepo wa juu kila siku. Mita mia kadhaa juu, upepo mara nyingi unaendelea, wakati mwingine unazidi wa mchana. Kwa hiyo anachokitafuta kipo. Lakini hakipo Kariakoo. Hapa kati ya maghorofa upepo unagonga ukuta, unarudi nyuma, unajikunja, na tiara yenye mvuto wa kilo 20 dakika hii haivuti kitu dakika ijayo. Ajaribie Kilwa, Mafia, pwani ya Bagamoyo. Na huko sidhani kama anapaswa kuhangaika na umeme kwanza. Mvuto ni mvuto. Avute maji ya mashamba ya chumvi, avute ngalawa. Wazee wetu walikwenda Maskati na Bombei kwa kusi na kaskazi bila kuzalisha hata wati moja.

FUNDI: Ngalawa ina tanga tayari, mzee. Wanataka chaji ya simu na taa ya kuvulia dagaa.

MWONGOZA NDEGE: Tanga limefungwa kwenye mlingoti, linakula upepo wa chini. Mwaka 1826 mwalimu mmoja wa shule wa Bristol, George Pocock, alipata hataza ya gari la kuvutwa na tiara. Geti la barabarani lilitoza kwa idadi ya farasi. Yeye hakuwa na farasi, akapita bure. Hakuwa mhandisi. Lakini alianza na kuvuta, kazi ambayo tiara inaijua.

MUUZA SOLA: Kwa pampu ya chumvi nakuelewa kidogo. Mteja wa chumvi anateketeza dizeli. Hapo kuna mtu anayeweza kulipa.

FUNDI: Mnanihamishia Kilwa kana kwamba ni Buguruni. Mota mbovu ziko Gerezani. Rimu ziko hapa, bolti, beringi, fundi wa kukereza vyuma, nyaya za shaba, vyote viko ndani ya dakika kumi za miguu. Ekseli ikivunjika saa 4 asubuhi, saa 6 mchana nina nyingine. Kilwa ekseli ikivunjika, wiki imekwenda. Mnaniambia niende kwenye upepo na kuacha vifaa, au nibaki na vifaa nisiwe na upepo.

MHANDISI: Jenga hapa, rusha kule. Hapa zungusha mota kwa mashine ya kutobolea, upime inatoa nini kwa kila kasi, uchore mstari wake. Kule peleka kilichokwisha kupimwa. Nusu ya kazi yako haihitaji upepo kabisa.

FUNDI: Na barua?

MHANDISI: Niletee namba za msimu mzima wa kusi, Juni hadi Septemba. Kasi ya upepo, mvuto, volti, ampia, muda. Siku nzuri na siku mbovu. Siku tiara ilipoanguka, uandike ilianguka na kwa nini. Nitasoma kila ukurasa, na nitaweka jina langu chini.

FUNDI: Na namba zikisema haifai?

MHANDISI: Nitaweka jina langu vilevile. Barua itasema haifai, na nani amelipima hilo.

MUUZA SOLA: Barua ya kusema haifai itamsaidia nini, mama?

MHANDISI: Atakayefuata hataanza na mivuto elfu moja.

MWONGOZA NDEGE: Jina lako halifungui anga. Kamba ikizidi urefu wa mnazi, Mamlaka ya Usafiri wa Anga waulizwe kwanza, hata kama ni Mafia. Kisiwa kile kina uwanja wa ndege. Waambiwe mahali, urefu, saa. Mimi nitamsaidia kuiandika hiyo barua, lakini sitamwombea huruma.

FUNDI: Sijaomba huruma. Nimeelewa, daftari, kipima upepo, barua mbili, tiara ya mita 10 kutoka Paje, miezi minne ya kusi nikiwa mbali na benchi langu. Wateja wa mota hawatanisubiri miezi minne. Sasa nijibuni moja tu kabla hatujaachana. Nauli, na mchele wa nyumbani kwangu kuanzia Juni mpaka Septemba, unatoka kwa nani kati yenu?

MUUZA SOLA: Mimi nimeuliza hilo tangu mwanzo.

FUNDI: Uliuliza ili kunikatalia, kaka. Mimi nauliza ili nianze.